Kadi ya Mohamednur

Mbotela, 4 Machi 1996

Mjukuu wangu Kaluki,
Hujambo huko Mombasa? Mimi mzima, ila goti lina kiburi. Ninasema mimi, anaandika Ndeti fundi viatu. Akiongeza lake nitajua.
Ile programu uliyoitungia zahanati ya kanisa sawa, lakini karani Warigia ana mambo. Ananiuliza jina, anabonyeza, kadi inatoka: Mohamednur, miaka minne, minyoo. Mimi mwenye presha. Juzi tena nikawa Anyango, mjamzito. Huyu msichana anauza dawa yangu na kunifunika kwa majina ya watu. Nimemwambia daktari.
Susu wako

Mombasa, 12 Machi 1996

Susu mpendwa,
Pole kwa goti. Daktari ameniandikia pia. Nimemjibu kwamba programu haina kosa, niliijaribu kwa wagonjwa wapya thelathini. Jina likibadilika, ni mkono wa mtu. Usimeze dawa kabla Ndeti hajakusomea kadi.
Mjukuu wako

Mbotela, 9 Aprili 1996

Kaluki,
Salamu utazipata zikibaki.
Warigia alifukuzwa. Amekuja Gedi, kijana mpole, hata hanijui. Jana kabonyeza, nikawa Nzomo, mwanamume, jipu la kwapa. Na huyu ni mwizi?
Leo nimekaa benchi tangu asubuhi. Kila anayetoka namwambia asome kadi yake. Mgonjwa mpya, kadi sawa. Wa zamani akimfuata, anapewa ya yule mpya. Sijui kusoma, lakini najua nani ametangulia nani. Sasa ninayemshuku ni wewe. Uliwajaribu wapya. Sisi wa zamani ulimwachia nani?
Susu

Mombasa, 17 Aprili 1996

Susu,
Sina uso wa kukuuliza hali. Kosa ni langu.
Kwenye kioo cha kompyuta kuna kitufe cha wapya, cha wa zamani, na cha kuchapa. Katika cha wapya nilitangaza kwamba jina ni la vitufe vyote. Katika cha wa zamani nilisahau. Jina lako likajulikana humo ndani tu, na kitufe kilipomaliza kazi likapotea. Cha kuchapa kikachukua lililobaki nje, la mgonjwa mpya wa mwisho. Ni kama mimi niliyerithi jina lako: mtu akiita Kaluki nyumbani kwangu hapa naitika mimi, huko Mbotela wewe husikii.
Nimetuma disketi iliyorekebishwa, na barua ya kukiri kwa daktari.
Mjukuu wako

Mbotela, 6 Mei 1996

Mjukuu wangu,
Unakula? Sijakuacha, basi kula.
Barua yako kwa daktari nilitaka isomwe kwenye foleni, mbele ya wote waliosikia nikimwita Warigia mwizi. Ikasomwa. Kisha nikaenda nyumbani kwake, mtaa wa Umoja. Hakunipa kiti. Akasema, "Shosho, nilikuambia ni mashine. Ukaniambia mjukuu wako hakosei." Kweli nilisema. Wangu hakosei, wa mwenzangu ndiye mwizi.
Amerudi kazini kwa sharti lake: anasoma jina kwa sauti, mgonjwa aitike, ndipo achape. Mimi hanisalimu. Leo zamu yangu ikafika, akasema, "Kaluki," macho yake kwenye kioo.
Nikaitika.
Susu wako