Mstari Nilioupindisha

Katonga, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje huko Ilagala? Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia. Naandika kwa sababu kwenye simu sauti inanikataa, na mama mdogo huwa pembeni anasikiliza.

Mama, ile pesa yako ya nyavu imepotea. Mimi ndiye niliyeipoteza.

Mama mdogo alipokuomba uchange, kikoba chao cha wakaushaji dagaa kilikuwa kinanunua sarafu mpya ya mtandaoni. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza. Wakanikalisha katikati ya vichanja. "Haya mwalimu, tusomee!" Mimi, ambaye hata darasani sinyooshi kidole. Nikafika kwenye mstari uliosema walioianzisha walijigawia nusu ya sarafu zote kabla ya kuwauzia wengine. Niliuelewa, mama. Lakini mama mdogo alikuwa ananitazama kwa fahari. Nikasema, "Wenyewe wameweka akiba." Wakapiga vigelegele.

Ingekuwa sarafu ya haki, wote wangeanza kuichota siku moja. Na hata sikuuliza inanunua nini hapa sokoni. Hainunui hata samaki mmoja wa mgebuka.

Maneno kumi na mawili ya siri ya kuifungulia waliyagawa kama funguo za sanduku lao la akiba lenye makufuli matatu: manne manne, kwa akina mama watatu. Nikaona ni busara. Mwezi uliopita wenye ile nusu wakauza zote, bei ikaporomoka. Akina mama wakataka kuokoa kilichobaki, kumbe Mama Kabura, mwenye maneno manne ya mwisho, amesharudi Burundi na simu yake haipatikani.

"Haya, kavunje kufuli la mtandao kwa nyundo!" mmoja akamwambia mama mdogo. Wakacheka. Yeye hakucheka. Anasema bei itapanda. Haitapanda, mama.

Usimlaumu, aliniamini mimi. Kesho wanakutana, nitawasomea ule mstari kama ulivyoandikwa. Najua hautarudisha kitu.

Nisalimie bibi, na mjomba fundi mitumbwi. Kaka, aliyekuwa anangoja nyavu hizo ili aache kuvua kwenye mtumbwi wa watu, mwambie wewe. Nimeandika jina lake mara tatu nikafuta.

Binti yako, ambaye likizo hii hataomba nauli ya kuja,
Zawadi