Bima ya Koor

Iftin, Garissa.

Kaka Mwakio,

Pokea salamu zangu mapema, kabla sijakasirika, maana nikishaanza sitakumbuka tena kusalimu mtu. Goti la Mama linaendeleaje? Wifi amejifungua, au bado mnahesabu siku? Huko Wundanyi najua mnaamka na sweta. Yangu iko sandukuni tangu nilipohamishiwa huku, na siku nikiitoa sijui kama itanitambua.

Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo uliyoiudhi wewe.

Nimeandika barua kwa sababu simu imenishinda. Kila nikianza kukueleza kisa hiki unacheka mpaka salio linakwisha, na sehemu yenye maana hujaisikia hata siku moja. Karatasi haina mtu wa kuikatiza. Keti hapo kwenye karakana yako, zima hiyo mashine, usome.

Nilikwambia nimekabidhiwa chama cha maigizo shuleni. Sikuomba. Mwalimu wa Kiswahili akionekana amekaa chini kidogo, anapewa maigizo. Wasichana wametunga mchezo kuhusu familia ya wafugaji inayohama, na wameng'ang'ania kwamba kila anayeigiza ngamia lazima avae koor shingoni. Koor ni kengele ya ngamia iliyochongwa kwa mti. Tumboni ina vipande viwili vya mti, ngamia akitembea vinagonga, ko, ko, ko. Ngamia wetu ni watano. Koor niliyoipata ni moja.

Hiyo moja ni ya Ayeeyo Habiba, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Ayeeyo ni nyanya kwa Kisomali, na mtaa mzima unamwita hivyo. Alikuja hapa kwa mwanawe kutoka Hadado baada ya ukame kummalizia ngamia wote. Koor ilikuwa ya yule jike aliyetangulia wenzake kisimani, na ndicho kitu pekee cha mifugo yake alichobaki nacho. Nilipomwomba aniazime ili nitengeneze mifano yake, aliipakata muda mrefu. Kisha akanipa.

"Macalimad," akasema, yaani mwalimu wa kike, "mimi sitaki besa. Inakwenda na sauti, irudi na sauti. Na kwanza sugua na subag, mti ikunywe."

Subag ni samli. Nilidhani ni mambo ya wazee tu, lakini nilimheshimu, nikaisugua ikang'aa.

Sasa njoo kwenye ushauri wako. Wewe, fundi wa faiba, bingwa wa mabodi ya malori, ulisema nini? "Kikombe cha resini, kifuniko kimoja cha hadena, usinisumbue na maswali." Nami dada yako mtiifu nikakariri kifuniko kimoja, kifuniko kimoja, mpaka dukani.

Muuzaji ni mzee mpole ambaye huwauzia watu wa kuziba matangi ya maji. Alinifungia resini na kitambaa cha faiba, halafu akakishika kile kichupa cha hadena, dawa ya kuigandisha resini, asikiachie.

"Mwalimu, hii ni bima. Bila bima, kazi yote haribika."

Nikamjibu kwa madaha kwamba bima ninayo, walimu wote tunayo.

"Iko? Bima nzuri?"

"Nzuri sana, mzee. Hata miwani inalipa."

Akaniangalia kidogo. "Haye. Kama bima iko, hakuna shida."

Tukaagana tukitabasamu, kila mmoja akiamini amemwelewa mwenzake. Mwakio, yule mzee alikuwa anasema PIMA! Mimi, ninayewakalisha watoto chini kuwafundisha matamshi! Miaka miwili nanunua babai na bilibili kwa watu hawa bila kuuliza swali, halafu siku moja ya maana masikio yangu yanaenda likizo. Usicheke. Nimekwambia usicheke.

Kabla ya faiba ilitangulia silikoni, ule mpira wa majimaji wa kutengenezea kalibu ya kumiminia mifano, nayo haikunisumbua. Niliziba tumbo la koor kwa udongo wa kuchezea, nikapaka silikoni kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, ikakauka ikawa ngozi ya mpira. Lakini kalibu ya mpira hulegea, kwa hiyo niliivalisha koti gumu la faiba, nusu mbili za kufunguka, na nta katikati ili zisishikane. Nusu ya kwanza niliifanya alfajiri, ikatulia. Ya pili niliifanya saa saba mchana, jua la Garissa likiwa utosini, kwa kifuniko chako kizima.

Nilikuwa nakaribia kumaliza kupaka wakati resini iliyobaki ilipoanza kuchemka kikombeni. Ikafuka moshi. Kikombe kikajikunja mkononi, nikakitupa. Wasichana wakapiga mayowe, "Mwalimu, inaungua!" Koti nalo likawaka moto wa ndani kwa ndani, nta ikayeyuka ikadondokea mchangani, na nusu ya pili ikagandamana na ya kwanza. Likawa yai moja gumu, halina mlango wala dirisha, na koor ya Ayeeyo imo ndani.

Kifuniko kimoja! Wewe uko kwenye ukungu wa Wundanyi, unapima kwa jicho, resini yako inakauka kwa adabu. Hukuniuliza hata mara moja kama huku kuna joto. Ningekuwa karibu ningekuvalisha lile yai kichwani.

Niliazima msumeno wa chuma kwa fundi wa shule nikaanza kukata. Sikumpa mtu mwingine, maana kama ni kuharibu, niharibu mwenyewe. Nilikata nikilia, nakwambia wazi. Faiba ilikuwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, kazi yangu mwenyewe hiyo, na pale penye wembamba msumeno ulipita ghafla, ukapasua silikoni, ukagusa mti. Niliusikia kwenye meno yangu.

Yai lilipofunguka, silikoni iliambuka kama ganda la ndizi, haikung'ang'ania popote. Ile samli ilikuwa imeziba kila tundu la mti. Kama ningeipuuza, leo ningekuwa nang'oa mpira kwa sindano. Lakini ukingoni palikuwa na mkato, urefu wa ukucha wangu. Nikaitikisa. Kimya. Nikakaa mchangani pale pale mbele ya wanafunzi. Baadaye ndipo nilipokumbuka ule udongo tumboni. Niliutoa wote kwa pini ya nywele. Ko, ko.

Kalibu iliyopasuka niliifunga kwa mpira wa baiskeli nikamimina resini, ikatoka koor moja ya majaribio. Ina kovu katikati na ni bubu kabisa. Nikaamua basi, ngamia watavaa maboksi.

Alasiri nikamrudishia Ayeeyo ya kwake. Sikuficha kitu. Nilimwonyesha mkato kabla hajaketi vizuri, nikamwomba radhi. Alipitisha kidole gumba hapo, akapitisha tena. Kisha akaiweka sikioni, akaitikisa polepole, ko, ko, ko, akafumba macho. Nilitamani anigombeze, amalize.

"Ngamia bila alama anabotea," akasema. "Sasa hii iko na alama. Na zile zingine tano?"

Nikamwambia hakuna tena, kalibu imepasuka, ningehitaji kuanza upya na koor yenyewe, na siwezi kumwomba tena.

Akaniwekea koor mikononi, akanifungia vidole kwa mikono yake miwili.

"Chukua. Lakini macalimad, bima."

Safari hii nilielewa.

Kwa hiyo sitaki kifuniko. Nitumie vipimo vyenye nambari, kwa sindano ya dawa, kikombe hiki resini, kiasi hiki hadena, kwa mahali penye joto la Garissa. Andika kwenye karatasi. Nimekutumia kwa basi ile koor bubu yenye kovu. Itundike karakanani, na kila mteja akikuomba ushauri, itikise kwanza.

Msalimie Mama, na umwambie asipande mlima na goti hilo. Msalimie wifi wangu na huyo anayetarajiwa. Na Mjomba wa nyuki, mwambie asali yake nimempa Ayeeyo nusu, na ameisifu kuliko ya kwao, jambo ambalo huku si dogo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kwa shida,

Wakesho, mwenye bima.