Baba Hatakuja Tena Nairobi kwa Kozi

Muyeye,
S.L.P. 417,
Malindi.
9 Machi 1986

Mpendwa Mjomba Nahashon,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na mkazamjomba Wanjira na Maina mdogo. Je, kikohozi cha Maina kimepoa? Mama asema baridi ya huko juu haina adabu, huingia kifuani mwa mtoto bila kubisha hodi. Sisi huku hatujambo, ila joto la kaskazi limetukalia.

Bibi tulimwona Rabai wakati wa Krismasi. Macho yake yamezidi kufifia lakini ulimi ni ule ule. Aliniuliza kama huko shuleni tunafundishwa kunyamaza, maana aona nimeshahitimu.

Mjomba, naandika mimi kwa sababu Baba ameshindwa. Alianza barua yako akaichana, akaanza nyingine akaichana pia. Habari yenyewe ni kwamba haji tena. Nafasi ya kozi amepewa mtu mwingine.

Unajua alivyoingoja. Tangu nikiwa mdogo, kila mwaka mwaliko hufika hospitalini: wapiga picha za eksirei waende Nairobi kwa wiki sita wakanolewe upya. Na kila mwaka jibu huwa moja. Baba yuko peke yake katika chumba kile, akiondoka mlango utafungwa, na aliyevunjika mguu atapelekwa Mombasa. Basi mwaliko hurudishwa. Kazi alifundishwa na watu wa misheni miaka ya mwanzo wa Uhuru, na tangu hapo hakuna aliyemwongezea neno.

Mara hii ilikuwa kubwa zaidi. Katikati ya mwaka yaja mashine mpya, na daktari mkuu ametangaza kwamba asiye na cheti cha kozi hii hataigusa. Ile ya zamani itang'olewa. Baba atahamishiwa mapokezi, akawagawie wagonjwa kadi.

Sitaki udhani anaonewa kwa kuwa anajua kila kitu. Nakueleza kweli, wewe si mtu wa nje. Picha zake siku hizi zinarudishwa. Kuna daktari kijana huziinua dirishani na kusema, "Mzee Laban, hiki ni kifua ama ni moshi wa kuni?" Wauguzi hucheka, na Baba hucheka nao. Kisha humwita mgonjwa arudi, apigwe mionzi mara ya pili. Hiyo mara ya pili ndiyo inayomkosesha raha, hata chakula huacha nusu.

Joto ndilo adui yake. Dawa ya kusafishia picha hutaka ubaridi, na feni ya chumba cha giza ilikufa zamani. Kwa hiyo miezi kama hii hununua barafu kwa wauza samaki, akaitia ndani ya dawa. Sista mmoja alimwachia kitabu cha Kiingereza, nami humsomea jioni na kumfasiria. Tulifika mahali palipoandikwa kwamba barafu isitiwe kamwe ndani ya dawa, maana ikiyeyuka huizimua. Iwekwe nje ya chombo. Baba akasema, "Aliyeandika haya hajakanyaga Malindi mwezi wa tatu." Lakini kesho yake alitafuta karai kubwa, akaiweka barafu nje, na picha zikatoka safi kidogo. Alirudi nyumbani anacheka peke yake njiani. "Waona, Jedida? Jambo moja tu! Je, huko Nairobi wanayo mangapi?"

Mwaka jana alidhani amepata njia. Kuna kijana wa Takaungu, Salmin, mtoto wa Bi. Radhia, aliyeajiriwa kufagia chumba na kuosha filamu. Baba akaanza kumfundisha ili awepo wa kushika chumba yeye akiwa kozini. Jumamosi Salmin alikuwa akija kwetu, na ndugu yangu Kaingu akilazwa mkekani awe mgonjwa. "Vuta pumzi! Zuia! Usitikisike!" Siku moja Salmin akasahau kumwambia apumue. Kaingu akabaki amevimba mashavu hata Mama akapiga kelele, "Mwachie mwanangu, ewe Salmin! Hujaoa bado, ushawamaliza watoto wa wenzio!" Tulicheka sana siku ile.

Salmin akaweza. Baba mwenyewe akaenda kwa daktari mkuu kumwambia kwamba sasa yupo mtu. Daktari akaja, akamtazama Salmin akifanya kazi, akaridhika. Wiki iliyopita uamuzi ukatoka: nafasi ni moja, na aende Salmin. Mzee Laban amebakiwa na miaka michache kustaafu. Mafunzo apewe atakayeyatumia muda mrefu. Na tena lazima mmoja abaki chumbani, na Mzee Laban ndiye aliyezoea kubaki.

Juzi, baada ya alasiri, Salmin alikuja. Hakuingia, alisimama mlangoni viatu mkononi.

"Mwalimu, mimi siendi."

"Ingia kwanza," Baba akamwambia.

"Siendi, wallahi. Nitawaambia naumwa."

"Ugonjwa gani huo wa wiki sita?"

"Watu watasema nimekuzunguka."

Mama akasema kutoka jikoni, "Na wasiseme kwa nini? Fadhila ya punda ni ipi?"

"Mama Jedida, huyu hakumpiga mtu teke," Baba akajibu. Kisha akamgeukia Salmin. "Ukikataa, nafasi itapewa hospitali nyingine. Mashine ikija hatutakuwa na hata mmoja wa kuiwasha. Nitakuwa nimepata nini mimi?"

Salmin akalia, mtu mzima. Mimi nilikuwa na kitabu cha historia, nikainamia ukurasa ule ule mpaka alipoondoka.

Unajua mimi si msemaji, lakini nilijikaza nikamweleza mwalimu wetu wa Kiingereza. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema daktari mkuu hakukosea. Hata yeye angefanya vivyo hivyo. Nimelifikiri jambo hili kila upande, Mjomba. Nimemtafuta aliyekosea nimchukie, sikumpata. Ningempata huenda ningelala.

Jioni hatusomi tena. Nikikifungua kile kitabu, Baba husema, "Msomee Salmin." Anakwenda kazini mapema kama zamani na viatu vyake vimepigwa rangi. Tafadhali usimwandikie daktari mkuu. Baba amekataza.

Sasa ombi, na ni lake, si langu. Kile kitanda mlichomtengea, mpeni Salmin. Hana mtu huko Nairobi. Hali nyama ambayo hajui imechinjwa na nani, basi mkazamjomba asione vibaya akimwona anashika maharagwe na sukuma tu. Baba asema jioni asitumwe dukani, aachwe asome, na taa asizimiwe mapema. Atafika Jumanne baada ya Pasaka. Utamtambua kituoni kwa lile koti la kijivu ulilomletea Baba kwa safari hii. Yeye ni mwembamba, litampwaya mabegani. Na mkiwa mezani, nakuomba, usimwulize kama Baba hajambo. Atashindwa kula.

Mama anakusalimu, na Kaingu, na Bibi asema umtumie picha ya Maina hata kama haioni vizuri. Mungu awalinde nyumbani mwenu, na lile alilotunyima asitunyime na nguvu ya kulibeba.

Mimi mpwa wako akupendaye,
Jedida Garama