Sinia la Juisi

Jumamosi, 3 Mei 2025
Leo kaja Mwishehe, mwenye duka la saruji Kiwalani. Kaja kuniposa — mie. Ana miaka arobaini na mbili, meno mekundu kwa tambuu. Hapa kwetu Tandika anayepeleka juisi sebuleni ndiye anayetazamwa kama mchumba. Nikasema kichwa kinaniuma, nikamsukumia Tabu sinia. Mdogo wangu huyo ana kumi na sita, akili za kuku wa kisasa. Kaingia anachekacheka, kamwagia mgeni juisi kwenye kanzu, kaifuta kwa ushungi wake. Nimecheka jikoni mpaka mbavu zinauma.

Jumatatu, 5 Mei
Mwishehe katuma mshenga. Anamtaka yule aliyeleta juisi. Baba kakubali — eti mie Naima nina mdomo, Tabu mtulivu. Tabu kauliza kama huko atapewa simu yake mwenyewe. Zuzu huyu. Nimelala fofofo.

Jumapili, 11 Mei
Redioni wanabishana: umri wa msichana kuolewa upandishwe kisheria, uwe miaka kumi na nane. Sasa hivi kumi na tano inatosha, mzazi akiridhia. Mama mmoja kapiga simu analia. Baba kazima redio, kasema basi ndoa iwe Ijumaa hii, kabla hawajaharibu mambo.

Mie naiunga mkono hiyo sheria mpya. Mtoto ni mtoto. Ila wasubiri Ijumaa ipite.

Shangazi Zubeda kaanza kumfunda mwali wetu. Tabu katoka chumbani kanyong'onyea, kaniuliza, dada, wewe unayajua hayo? Nikamwambia avumilie, hayachukui muda. Kama najua vile! Akaenda nje kucheza rede na watoto wa jirani. Shangazi kamrudisha kwa sikio — mwali hatoki.

Ijumaa, 16 Mei
Naandikia chooni. Nimejifungia.

Wanaume wametoka msikitini. Hina nilimpaka mwenyewe jana, anavuta mkono, nikamfokea atulie. Dakika chache zilizopita sheikh kasimama nyuma ya pazia na mashahidi wake, kamuuliza kama anaridhia kuolewa na Mwishehe. Tabu kajifunika ushungi. Shangazi kamfinya paja. Halafu kasauti kadogo: dada Naima aseme, akisema niende, naenda.

Wakanigeukia wote. Nikasema nimebanwa.

Baba yuko mlangoni. Hafoki, bora angefoka. Anasema Mwishehe harudi mikono mitupu, na nyumba hii ina mabinti wawili. Nitoke niseme ni yupi. Nimejibu nanawa. Maji yamekatika tangu asubuhi, na yeye anajua.

Sasa kuna mwingine anagonga, taratibu, kwa kucha. Tabu. Anauliza kama ni kile kichwa cha siku ile kimerudi, akaniletee dawa.