Pua Yangu Ilivyomwokoa Baba Mdogo

Jumamosi jioni. Mvua ilipita asubuhi, sasa kuna kajua kazuri. Mikono ina malengelenge ya jembe ila kulala siwezi, moyo unaruka tu.

Leo nimeokoa mtu. Mimi, niliyeishia kidato cha pili.

Tulikuwa kwenye risaga kwa Mama Bhoke, hapa Ringwani. Majirani wanakulimia shamba, likiisha ndipo unawapa ugali na pombe ya busaa. Kabla ya hapo hakuna kutafuna kitu, utaitwa mlafi mpaka uzeeke.

Jua lilipopanda, baba mdogo Marwa akaanza kung'oa mahindi, magugu anayaacha. Anayumba, ulimi mzito. Mama Bhoke kumuuliza kulikoni, akatukanwa. Na huyu ni mtu aliyeokoka, pombe alishaacha.

"Amefungua mtungi wangu," Mama Bhoke akasema. "Mlazeni kivulini, ulevi umtoke."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nisidanganye. Walipomlaza, nikamfuata kivulini nimtanie. "Shikamoo mlokole, umenibakizia?"

Macho yanaelea tu.

Nikainama nikamnusa mdomo. Sasa pua yangu naijua, busaa naisikia kutoka ng'ambo ya mto kabla haijachachuka. Kwa baba mdogo hakuna kitu. Jasho tu, tena la baridi.

Hapo nikakumbuka sindano yake ya kisukari, ile ya kila asubuhi, inayoshusha sukari mwilini hivyo lazima ale. Kajichoma, kaja kulima na tumbo tupu, anangoja chakula cha mwisho kama sisi wazima.

Tungemwacha alale, asingeamka.

Nikakimbia jikoni, nikakoroga sukari kwenye kikombe cha maji. Mama Bhoke nyuma yangu na mwiko: "Wewe Chacha, hiyo ni ya chai ya wageni!" Sikugeuka. Nikamnywesha kidogo kidogo, bado anameza. Baadaye macho yakarudi, akanitazama.

"Umekaa huku, mstari wako unalimwa na nani?"

Mama Bhoke akaketi chini na mwiko wake. Kisha akainuka akapakua ugali, shamba likiwa nusu. Sijawahi kuona.

Zahanati nao wamesema ni sukari ilishuka. Njia nzima naitwa daktari, na siwakatazi.

Risaga ijayo ni kwetu. Nimemwambia mama, uji kwanza, jembe baadaye. Amekubali. Baba mdogo anaona aibu kunywa peke yake, kwa hiyo nitaanza mimi, mbele ya wote, kikombe kikubwa.

Atakayeniita mlafi, aniite.