Niliyemwandika Namba Nane

Jumamosi, jioni. Kitengela.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile nyembamba isiyokatika, na udongo mweusi wa uwanjani umenishika viatu mpaka nimevivua na kuviacha nje ya mlango. Magoti yananiuma. Nimekasirika, na kila nikitafuta mtu wa kumkasirikia najikuta mwenyewe.

Acha niandike ilivyokuwa.

Klabu yetu ya besiboli ina timu tatu. Ya kwanza inacheza ligi Nairobi. Ya pili ni sisi wa Kitengela. Ya tatu iko Kajiado mjini, ndiyo changa zaidi, na wengi wetu hatujawahi hata kuiona ikicheza. Mimi ni nahodha wa timu ya pili na ndimi mdakaji wake, yule anayechutama nyuma ya mpigaji na kudaka kila mpira unaotupwa. Nimechutama hapo miaka saba. Katikati ya wiki nachanganya rangi za nyumba katika duka la vifaa vya ujenzi. Jumamosi ndiyo siku ninayoishi.

Wiki tatu zilizopita kocha wetu, Mueni, aliniita kando baada ya mazoezi. Timu ya kwanza ilitaka wachezaji watatu wapande kabla msimu haujaanza. Mdakaji wao alikuwa amehamia Eldoret kikazi. Aliniomba niwaangalie wachezaji wote wa huku chini, hapa na Kajiado, nimwandikie kumi bora kwa mpangilio. Watatu wa juu ndio wangepanda.

"Wewe ndiye unawaona kwa karibu," aliniambia. "Niandikie tu ukweli."

Niliposikia kwamba mdakaji wao ameondoka, moyo uliruka. Sitaficha hapa.

Kazi niliifanya kwa bidii, hilo naweza kusema bila aibu. Nilinunua daftari. Nilirudia kutazama kila mpigaji, nikaandika anapenda mpira wa juu au wa chini, anakasirika akikosa au anatulia. Jumamosi mbili nilienda Kajiado, nikasimama kando ya uwanja wao wenye vumbi na upepo, kofia nimeishikilia kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine.

Huko ndiko nilikomkuta Lekishon.

Ana miaka kumi na tisa, mfupi, mabega mapana, na ni mdakaji kama mimi. Si kama mimi. Mtupaji wao, Lemayian, ana mkono wenye nguvu lakini mpira wake unaenda popote unapotaka, na Lekishon alikuwa akiudaka kana kwamba ameambiwa mapema utatua wapi. Mtu akijaribu kuiba besi ya pili, yaani kuikimbilia kabla mpira haujapigwa, Lekishon alikuwa ameshasimama na mpira umeshatoka mkononi. Nilimpima kwa saa ya simu. Nikampima tena. Wiki iliyofuata niliwaomba wenzangu wanipime mimi hapa Kitengela, na nikawaambia ni mzaha tu.

Kila mara alikuwa mwepesi kuliko mimi. Hata siku yangu nzuri kabisa sikumfikia.

Basi nilirudi nyumbani na daftari langu nikaandika hivi. Moja, Brayo, mpigaji wetu. Mbili, Lemayian. Tatu, mimi. Nne, Mutiso, anayecheza besi ya kwanza. Na wengine. Lekishon nilimweka namba nane, na mbele ya jina lake nikaandika: mfupi, bado hajakomaa.

Mke wangu Nekesa alikuwa anachambua maharagwe mezani. Aliinua macho akaona ukurasa.

"Kwani ni wewe umejipatia namba?"

Nilimwambia Kocha amesema tuangalie wote.

"Haya," alisema, akaendelea na maharagwe yake.

Ningeweza kusimama hapo. Kalamu ilikuwa bado mkononi. Badala yake nilipiga picha ule ukurasa na kumtumia Kocha siku ya Alhamisi.

Leo timu ya Kajiado ilikuja kwetu, na Kocha akatukusanya wote chini ya paa la mabati pale kando ya uwanja, mvua ikigonga juu, ili asome majina. Akamsoma Brayo. Akamsoma Lemayian, na wenzake wa Kajiado wakapiga makofi mpaka nikafurahi pamoja nao. Mimi nilikuwa tayari nimeweka uso wa mtu anayeshtuka kidogo.

Akasoma Mutiso. Akafunga karatasi.

Niliendelea kupiga makofi. Sijui nilipiga kwa muda gani.

Watu walipotawanyika, Lekishon alinijia. Nilidhani anakuja kulalamika. Akanisalimu Kimaasai na kunipa mkono, wa pili ukishika kiwiko kwa heshima.

"Sopa, Kapteni. Nilitaka kukushukuru ile siku ulikuja kutuona. Kule kwetu hakuna mtu hukuja."

Nikamjibu kitu. Sikumbuki.

Nilimfuata Kocha, alikuwa anakusanya helmeti kwenye gunia. Nilitaka kumuuliza kuhusu jina langu kwanza. Huo ndio ukweli. Nikamuuliza.

"Wanjala, sikukuuliza kuhusu wewe," alisema bila ukali. "Wewe nakujua. Uko na miaka thelathini na moja na magoti yanakusumbua. Niliuliza wale sijui."

Ndipo nikamwambia. Kwamba Lekishon ni mdakaji bora kuliko mimi, kwamba nilimpima kwa saa, kwamba namba nane ilikuwa uongo. Alisimama na helmeti mkononi.

"Mimi nilishangaa mbona hakuna mdakaji mwingine huku juu ya orodha yako," alisema. "Nikajiambia, kama mdakaji mwenzake amemweka nane, basi ni nane. Sikwenda kumwangalia kwa sababu wewe ulienda."

Nikamuuliza kama angeweza kubadilisha. Alisema majina yameshatumwa tangu jana na vijana wameshasomewa. Hawezi kumnyang'anya Mutiso nafasi mbele ya watu kwa sababu mimi nimeamka na dhamiri leo. Jumatatu atampigia kocha wa timu ya kwanza amweleze kwamba yuko mdakaji Kajiado. Labda katikati ya msimu. Labda watakuwa wameshapata mwingine.

"Na yeye utamwambia wewe," alisema. "Mimi simwambii."

Nilimkuta Lekishon kwenye ukuta wa duka la dawa za mifugo, akijikinga mvua na wenzake wakisubiri gari la kurudi Kajiado. Nilimwita pembeni. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini yalitoka vipande vipande. Nilimwambia kwamba orodha ilikuwa yangu. Kwamba nilimweka nane na nilijua si nane.

Alisikiliza akiangalia barabara.

"Nilikosea wapi?"

"Hukukosea mahali popote."

"Na namba tatu ulikuwa umeweka nani?"

"Mimi."

Akanigeukia. "Na Kocha akakutoa?"

"Akanitoa."

Akatikisa kichwa kama mtu anayemwona mwenzake ameanguka kwenye tope barabara ikiwa kavu.

"Kwa hivyo tumebaki wote wawili," alisema.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Gari lilikuja, akainua begi lake la glovu akapanda. Hakuniaga.

Nimeandika orodha mpya. Namba moja ni Lekishon, na mbali sana nyuma yake wanaanza wengine. Jina langu halipo. Nimemtumia Kocha, na naiandika pia hapa kwenye blogu hii, kwa kuwa ile ya kwanza ilisomwa mbele ya watu na hii nayo isomwe. Najua haimpandishi mtu gari la Nairobi.

Nekesa ameniwekea chai, imepoa. Nadhani ameshajua.

Watu wataona kwamba leo nilikiri, na watasema angalau. Mimi nakumbuka ule uso niliokuwa nimeuandaa chini ya mabati. Lau Kocha angesoma jina langu, ningepanda timu ya kwanza nikipunga mkono, na Lekishon angekuja kunipongeza kwa mikono miwili, nami ningepokea. Je, ningemwambia?

Jibu nalijua. Ndilo linalonikasirisha kuliko mvua, kuliko magoti, kuliko miaka saba.