Ulezi Chini ya Kiti

Wifi Edith,

Tangu tulipozika jeneza lililofungwa pale Kasense, nimekuwa nikijiuliza: aliyelala humo ni kaka Vitus kweli? Tuliambiwa aliteketea pamoja na gari lake.

Nimenunua gari la spoti lililotumika, nikaliinua springi kwa ajili ya mashimo ya barabara ya Kate. Jana fundi Faruk aling'oa kiti, akacheka: "Dada, panya wako wanaweka akiba!"

Kilikuwa kifuko cha ulezi, chenye mshono wa mama, kile alichomshonea Vitus akiweke chini ya kiti gari lake lilipobarikiwa. Hakikuungua hata uzi.

Labda kiti kilihamishwa kutoka gari la Vitus kabla ya ajali. Wewe ndiye uliyeutambua mwili, wifi. Mama angejua kama alishona kifuko kingine, lakini sijamuuliza: asubuhi nimemkuta akipalilia kaburi, akimsimulia Vitus habari za mvua.

Wifi yako,
Agnesi